Kujiendeleza katika Lenzi za Kontakti na Utunzaji wa Konea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wataalamu wa Optometria wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa wataalamu wa optometria walio kazini Mtwara na Lindi, wenye leseni tayari, wanaotaka kuongeza ujuzi wa lenzi za kontakti na konea (kioo angavu cha mbele ya jicho). Tumeanza na maswali ya msingi, tukaishia na wagonjwa wasio wa kawaida. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, tunakuelekeza kwenye namba yake.

## Kuanza masomo

1. Nitajifunza nini ambacho sikukipata chuoni?

Chuoni ulijifunza kupima macho, kutoa miwani na kutambua magonjwa. Lenzi laini pengine uliwavalisha watu wachache, mwalimu akiwa pembeni, na hukuwaona tena. Mafunzo ya juu yanaanzia hapo: konea zilizopoteza umbo, lenzi ngumu zinazopitisha hewa, lenzi za sklera (pana, zinazokaa juu ya weupe wa jicho), vidonda vya konea, na zaidi ya yote, kumfuatilia mgonjwa. Kuvalisha lenzi huchukua saa moja. Konea iliyo chini yake utaitunza miaka. Programu isiyokupa nafasi ya kumwona mgonjwa yule yule tena baada ya wiki, mwezi na miezi sita, hata ikiwa na jina kubwa, itakufundisha nusu ya kazi.

2. Nina stashahada. Naweza kujiunga?

Kozi fupi na mafunzo endelevu ya kitaaluma, ndiyo. Shahada ya uzamili, hapana, mpaka upate shahada ya kwanza. Moshi, KCMC, wanafundisha optometria, na wengi wenu mmepita huko. Aliye mwajiriwa wa serikali apate barua ya ruhusa ya masomo kabla ya kulipa ada popote. Ukisoma nje ya nchi, shahada yako itahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kwa hiyo hakikisha chuo kinatambulika nyumbani kwake kabla hujaondoka.

3. Nisome wapi?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kina uzamili wa optometria. Humjenga mtu zaidi katika utafiti na ualimu. Ya pili ni ufeloo (mafunzo ya juu ya vitendo) wa kliniki, kama ule wa lenzi za kontakti unaotolewa na L V Prasad Eye Institute huko Hyderabad, India. Ya tatu ni ufeloo wa British Contact Lens Association, ambao mtu hutathminiwa kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Kuna pia residensi (mafunzo ya vitendo baada ya shahada) za Marekani za konea na lenzi, za takriban mwaka mmoja, lakini hizo zimejengwa juu ya shahada ya huko ya O.D. (udaktari wa optometria).

Kwa anayerudi kufanya kazi kusini, sisi tunasema kliniki kwanza, utafiti baadaye. Kabla ya kulipa, andika barua uulize: nitavalisha mwenyewe wagonjwa wangapi wa keratokonasi (konea inayopungua unene na kuchongoka)? Kuna seti za majaribio za lenzi ngumu na za sklera, au tutaonyeshwa picha? Nitakaa kliniki ya vidonda vya konea siku ngapi kwa wiki? Ukijibiwa kwa maneno ya jumla, tafuta kwingine.

4. Huku kusini kuna wagonjwa wa kutosha kweli?

Wapo, ila hawaji wakitaja lenzi. Anakuja kijana wa sekondari aliyebadilishiwa miwani mara tatu kwa miaka miwili na bado haoni ubao. Anakuja mtoto anayejikuna macho tangu utotoni kwa mzio, kope nzito, weupe wa jicho umegeuka hudhurungi. Anakuja mkulima mwenye kovu la konea baada ya kuchomwa na kijiti, au mbanguaji aliyerukiwa na mafuta ya ganda la korosho, ambayo huunguza ngozi, sembuse jicho. Katika hao, lenzi ngumu inaweza kumrudishia mtu uoni ambao miwani haitaurudisha kamwe, kwa sababu machozi hujaza mabonde yaliyo kati ya lenzi na konea, na mwanga ukapita kwenye uso laini.

## Vipimo na kuvalisha

5. Sina mashine ya topografia (ramani ya umbo la konea). Keratometa inatosha?

Kwa kuanzia, inatosha ukiifahamu vizuri. Keratometa hupima mpindo wa takriban milimita 3 za katikati ya konea tu, hivyo haitakuambia konea imechongokea wapi. Lakini picha zikiyumba, zikipindana au zikikataa kukutana, hiyo yenyewe ni taarifa. Iandike.

Keratometa nyingi zinaishia daiopta 52 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi au konea). Konea ikizidi hapo, bandika lenzi ya +1.25 kutoka kwenye sanduku la majaribio mbele ya tundu linalomtazama mgonjwa, na kipimo kitafika takriban daiopta 61. Usisome namba moja kwa moja kutoka kwenye skeli: tengeneza jedwali lako kwa kupima gololi ya chuma ya beringi ambayo nusu kipenyo chake unakijua. Hesabu ni fupi: gawanya 337.5 kwa nusu kipenyo cha mpindo katika milimita. Milimita 7.50 ni daiopta 45.00; milimita 6.75 ni daiopta 50.00.

Usisahau retinoskopu, kifaa cha kumulika jicho na kusoma mwanga unaorudi. Mwanga unaofunguka na kufunga kama makali ya mkasi kwa kijana mwenye astigmatizimu inayopanda ni keratokonasi mpaka ithibitike vinginevyo. Kifaa hicho hakihitaji umeme wa ukutani, na kila mmoja wenu anacho.

6. Nguvu ya lenzi naihesabuje kutoka kwenye miwani?

Nguvu ikizidi daiopta 4.00 rekebisha kwa umbali wa miwani na jicho. Kwa milimita 12, miwani ya −8.00 inakuwa lenzi ya −7.25 (hesabu hutoa −7.30). Kisha, kwa lenzi ngumu, hesabu lenzi ya machozi (machozi yaliyo kati ya lenzi na konea): kila milimita 0.05 ambayo lenzi imebana kuliko konea huongeza takriban +0.25. Mpindo wa konea ni milimita 7.80, wa lenzi ni 7.70, miwani ni −3.00: machozi yametoa +0.50, kwa hiyo agiza −3.50. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kubadilisha mpindo baada ya jaribio, akasahau kubadilisha nguvu. Lenzi inasafiri wiki kadhaa, inafika, na mgonjwa haoni.

7. Fluoresini inanichanganya. Niangalie nini hasa?

Anza na kiasi. Lowesha karatasi ya fluoresini (rangi inayong'aa kijani) kwa tone moja la salaini (maji safi ya chumvi), ikung'ute, gusa weupe wa jicho upande wa juu huku mgonjwa akitazama chini. Subiri apepese mara kadhaa. Ukiweka nyingi, kila kitu ni kijani na hujifunzi chochote. Tumia mwanga wa buluu wa sliti lampu (darubini ya macho yenye taa), na kichujio cha njano mbele ya macho yako. Tofauti yake ni kubwa.

Kwa keratokonasi, lenzi iliyokaa vizuri huonekana hivi: katikati kuna doa la kijani kilichofifia, karibu kuwa jeusi, la upana wa milimita 2 hadi 3, pale lenzi inapoegemea kidogo ncha ya konea. Kulizunguka kuna pete nyembamba ya kijani. Baada ya hapo mkanda mweusi, ndio unaobeba uzito wa lenzi. Ukingoni kuna pete ya kijani kinachong'aa, upana wa nusu milimita na zaidi kidogo. Doa la katikati likiwa jeusi tititi na pana, lenzi imelala juu ya ncha na itaacha kovu, bana mpindo. Katikati kukiwa na dimbwi la kijani lenye povu la hewa, umebana kupita kiasi.

Kumbuka weusi haumaanishi lazima kugusana. Machozi yakiwa membamba kuliko takriban maikroni 20 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), macho yetu hayaoni kijani. Na lenzi yenye kizuizi cha mionzi ya jua huonekana nyeusi yote chini ya taa ya Burton (taa ya mkononi ya urujuanimno), hata kama imekaa sawasawa. Tumia sliti lampu.

Fluoresini ya kawaida huingia kwenye lenzi laini na kuitia rangi. Toa lenzi, paka, kagua, suuza jicho kwa salaini, ndipo urudishe.

8. Lenzi laini je?

Hizo ni rahisi kuliko unavyoogopa. Ifunike konea yote na kuzidi kwa takriban milimita 1 kila upande, isogee milimita 0.2 hadi 0.4 anapopepesa, na uisukumapo juu kwa kope ya chini irudi bila kukwama. Isiyosogea kabisa huhisi raha sana siku ya kwanza, na ndiyo hatari.

9. Lenzi ya sklera kila mara inaingia na povu la hewa. Nakosea wapi?

Karibu kila mara kosa ni mkao. Uso wa mgonjwa uwe sambamba na sakafu kabisa, kidevu kikigusa kifua, na si kuinamisha kichwa nusu. Jaza lenzi salaini isiyo na kihifadhi mpaka ivimbe juu ya ukingo. Mgonjwa ashike kope ya chini, wewe ushike ya juu, kisha inua lenzi moja kwa moja juu mpaka maji yaguse jicho na kumwagika. Usisite katikati. Ukiachia kope kabla lenzi haijakaa, hewa inaingia. Tandika taulo mapajani, maana maji yatamwagika.

Weka fluoresini kidogo ndani ya salaini hiyo ili uone nafasi iliyo kati ya lenzi na konea. Ukijua unene wa lenzi ni maikroni 300, linganisha na mkanda wa kijani kwenye mwanga mwembamba. Mara baada ya kuvaa, tafuta maikroni 300 hadi 400, kwa sababu lenzi itazama takriban 100 baada ya saa chache. Mgonjwa akae kliniki, anywe chai, umtazame tena baada ya saa 4 kabla ya kuagiza. Hatua hii ndiyo watu huiruka foleni ikiwa ndefu.

10. Namba za kupitisha oksijeni zina maana gani kwa mgonjwa wangu?

Holden na Mertz, mwaka 1984, walionyesha kuwa konea huhitaji lenzi yenye kiwango cha kupitisha oksijeni (Dk/t) cha 24 kwa kuvaa mchana na 87 kwa kulala nayo. Harvitt na Bonanno mwaka 1999 wakapandisha hadi 35 na 125. Kwetu jibu la kulala na lenzi ni hapana, hata kama kifungashio kinaruhusu (sababu iko swali la 14).

## Maji, vumbi na usafi

11. Mgonjwa wangu anatumia maji ya kisima au ya mvua. Anaweza kuvaa lenzi?

Anaweza, ikiwa maji hayo hayatagusa lenzi wala kikasha chake. Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, watu wengi huhifadhi maji ya mvua kwenye matangi, na matangi ndiyo makao ya Acanthamoeba, mdudu anayeingia kwenye konea na kuleta maumivu makali ambayo matibabu yake huchukua miezi. Maji ya bomba nayo si salama kwa lenzi. Kuchemsha hakutoshi kuyafanya dawa ya lenzi.

Mkono uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ndoo yenye koki yatosha, kisha ukaushwe kabisa kwa tishu kabla ya kugusa lenzi. Mkono mbichi ndio unaoleta maji jichoni. Kikasha kisuuzwe kwa dawa ya lenzi, kigeuzwe chini kikauke juu ya tishu, na kibadilishwe angalau kila miezi 3. Dawa ya jana haiongezewi ya leo, inamwagwa yote. Asiyeweza kugharimia dawa hiyo kila mwezi asipewe lenzi za kusafisha. Mpe za siku moja za kutupa, azivae siku anazozihitaji tu, au abaki na miwani.

12. Lenzi za seti ya majaribio nazisafishaje?

Lenzi ngumu: sugua kwa kisafishio, suuza, zamisha yote kwenye haidrojeni peroksidi ya 3% ya lenzi isiyotuliwa (yaani ambayo ukali wake haujaondolewa), kwa saa 3 au zaidi, suuza kwa salaini, kausha, hifadhi kavu. Bandika karatasi yenye tarehe. Peroksidi isiyotuliwa ikiingia jichoni huunguza, hivyo chombo chake kikae mbali na chupa za salaini. Tunapaka kifuniko chake rangi nyekundu. Mgonjwa anayetumia mfumo wa peroksidi nyumbani lazima asubiri angalau saa 6 itulie.

13. Mgonjwa anauliza kuhusu udhu na Ramadhani.

Mjibu kwa heshima na kwa vitendo. Anapoosha uso afumbe macho barabara, akaushe kope kwa kitambaa safi, ndipo afumbue. Akifumbua usoni pakiwa na maji, lenzi ngumu inaweza kuelea na kupotea, na maji yatabaki chini yake. Lenzi za siku moja zinamfaa zaidi. Kuhusu matone mchana wa Ramadhani, wanazuoni wengi huona hayabatilishi saumu, lakini mwambie aulize sheikh wake kabla ya mwezi kuandama. Mwenye kidonda cha konea haachi dawa hata saa moja, na hilo mweleze mbele ya ndugu aliyemleta.

Na msimu wa salfa? Hili linakuja na la 13 kwa sababu nalo ni la ratiba ya maisha. Mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Vumbi lake likinaswa chini ya lenzi ngumu hukwangua konea, na lenzi laini hulishikilia. Siku ya kupulizia, lenzi zinabaki kwenye kikasha. Anavaa miwani ya kinga inayoziba pembeni, anaoga, anaosha nywele, na lenzi anavaa kesho yake jicho likiwa jeupe.

## Konea inapougua

14. Mvaa lenzi kaja na jicho jekundu. Hatua ya kwanza?

Lenzi itoke. Usiitupe, wala kikasha. Vifungwe viende maabara naye. Paka fluoresini. Tumia kanuni ya 1-2-3: chembe kwenye chumba cha mbele cha jicho daraja la 1 au zaidi, doa jeupe la milimita 2 au zaidi, au doa lililo ndani ya milimita 3 kutoka katikati ya konea. Lolote kati ya hayo ni dharura ya kutishia uoni.

Katika wavaa lenzi mshukiwa wa kwanza ni Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayeweza kula konea kwa siku moja au mbili, hasa kwa aliyelala na lenzi. Kloramfenikoli, ambayo ndiyo iko kila duka la dawa, haimwui. Siprofloksasini au ofloksasini ya 0.3% kila saa, usiku na mchana, kwa siku 2 za mwanzo ndiyo kawaida ya kuanzia, ndani ya mipaka ya leseni yako, huku rufaa ikiandikwa siku hiyo hiyo. Usifunge jicho kwa bandeji: unalifungia joto na mdudu. Mtu wa Nachingwea au Liwale asiambiwe "rudi baada ya wiki".

15. Nitautofautishaje ugonjwa huo wa bakteria na wa fangasi?

Mara nyingi ni mkulima, si mvaa lenzi: jani, kijiti, punje ya mchanga. Kidonda kina kingo kama manyoya, uso mkavu ulioinuka, na vidoa vidogo pembeni vilivyojitenga. Maumivu yanaweza kuwa madogo kuliko unavyotarajia. Fusarium na Aspergillus ndio wakuu. Macho hayatoshi kuamua. Kukwangua kidonda na kutazama kwa KOH (potasi haidroksidi) ya 10% chini ya darubini ya kawaida huonyesha nyuzi za fangasi. Aliyefundishwa kukwangua afanye, wengine wampeleke kwa daktari msaidizi au bingwa wa macho. Natamaisini ya 5% ndiyo dawa ya Fusarium. Ulizia upatikanaji wake kabla hujamsafirisha mgonjwa.

Uliza pia kwa upole kama ametiwa dawa za majani. Ukimkemea atakuficha, na utakosa habari muhimu kuliko zote.

16. Matone ya steroidi na ya ganzi?

Steroidi kwenye jicho jekundu lisilotambuliwa: kamwe. Fangasi hustawi. Ganzi unaweza kuitumia tone moja unapojaribu lenzi ngumu kwa mara ya kwanza, lakini chupa haitoki chumbani. Mgonjwa akiitumia nyumbani, konea huyeyuka bila yeye kuhisi.

17. Keratokonasi inayoendelea niivalishe lenzi tu?

Lenzi haizuii ugonjwa kusonga. Kinachouzuia ni kuikaza konea kwa riboflavini na mwanga wa UVA (mionzi ya urujuanimno). Utaratibu wa asili ni nguvu ya mW 3 kwa sentimita mraba kwa dakika 30, na konea iwe na angalau maikroni 400. Kijana mdogo akizidi kuchongoka, rufaa inatangulia lenzi, kwa sababu kila mwezi unaopita unene unapungua. Na tibu mzio. Kujikuna kukiendelea, kila kitu kingine ni kazi bure.

## Wagonjwa wasio wa kawaida

18. Saluni zinauza lenzi za rangi kwa mabibi harusi.

Bibi harusi akija kwako, pima umbo la konea, mfundishe, mpe za siku moja, au mkatalie kwa sababu iliyo wazi. Lenzi za kuazimana hupitisha vijidudu kutoka jicho hadi jicho. Akishazivaa na jicho likauma, rudi swali la 14.

19. Mwenye jicho moja tu linaloona?

Miwani ya polikaboneti ivaliwe kila wakati, hata akiwa na lenzi. Mvalishe lenzi ikiwa tu miwani imeshindwa kabisa.

20. Mtoto aliyetolewa mtoto wa jicho bila kuwekewa lenzi ndani?

Mtoto mchanga huhitaji lenzi za kontakti za nguvu za +20.00 na kuendelea, na hubadilika kadiri jicho linavyokua. Mama ndiye mvalishaji. Afanye mwenyewe mara 3 mfululizo, mbele yako, kutoa na kuvaa, kabla hawajaondoka. Asipoweza siku hiyo, walale mjini, mjaribu tena kesho.

21. Mgonjwa anatoka mbali na hataweza kurudi. Nimvalishe?

Hapana. Ratiba ya chini kabisa ni wiki 1, mwezi 1, miezi 3, kisha kila miezi 6. Familia nyingi hupata fedha za lenzi baada ya mnada wa korosho, kwa hiyo ziara ya miezi 3 huangukia masika, barabara zikiwa mbovu. Panga hilo siku ya kuagiza: nauli ya kurudi iwe sehemu ya gharama mnayoijadili, namba mbili za simu ziandikwe, na atajwe mtu wa afya wa karibu atakayemtazama. Maneno ya kumwachia ni haya, kwa sauti na kwenye karatasi: "Mzee wangu, jicho likiuma, likiwa jekundu, au likiona ukungu, toa lenzi, nipigie, njoo siku hiyo hiyo." Arudie mwenyewe kabla hajatoka mlangoni.